Kovu la lipstiki

Ilikuwa jioni ya kuoga, kawaida tu, maji yameshachanganywa na mi nazunguka kutafuta taulo. Bibie kimya. Ukiwa na mtoto wa miaka mitano na nusu halafu ukasikia kimya, unajua kuna kitu kinaharibika mahali. Nikachungulia chumbani nikamkuta kasimama mbele ya kioo, kifua wazi, lipstiki yangu mkononi, ile nyekundu ambayo naipaka mara mbili kwa mwaka, na kajichora mstari mmoja mnene kuanzia chini ya shingo mpaka karibu na kitovu. Pale katikati mstari umepinda kidogo, nadhani mkono ulichoka.

"Ona mama. Sasa na mimi ninalo."

Nikacheka, ningefanya nini. Nikapiga na picha nikamrushia baba yake, naye akajibu kwa vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Tukafuta kwa pamba na mafuta, rangi haikutoka yote, akalala na kifua cha waridi.

Usiku ule sikulala vizuri. Na wiki zilizofuata hivyo hivyo, kila nikifungua droo nikaiona ile lipstiki imevunjika kichwa, kuna kitu kinanichoma na siwezi kusema ni nini. Ndo maana naandika. Labda nikiandika ntakiona.

## Langu na lake

Wanaonifahamu wanajua nina kovu. Nilizaliwa na tundu kwenye moyo. Langu lilikuwa lile la chini, kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vinavyosukuma damu, nikafanyiwa upasuaji nikiwa na miaka sita. Enzi zile hapakuwa na cha kujadili, njia ilikuwa moja, katikati ya kifua. Mfupa wa kidari ukapasuliwa kwa msumeno, wakamaliza kazi yao wakaubana kwa waya za chuma, na waya bado zimo, nikipigwa eksirei zinaonekana zimejipanga kama mafundo ya kamba za viatu. Kovu lenyewe ni la ile aina inayovimba na kung'aa. Joto likizidi linawasha. Shule nzima ya msingi jina langu lilikuwa Zipu.

Bibie yeye tundu lake lilikuwa la juu, kwenye ukuta wa vyumba vinavyopokea damu. Inasemwa karibu mtoto mmoja katika kila 100 huzaliwa na kasoro ya moyo ya aina fulani, na mzazi akiwa alizaliwa nayo uwezekano unapanda kidogo, kwa hiyo alipigwa eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, akiwa na siku chache tu duniani. Tukaambiwa subirini, matundu mengi madogo ya pale hujifunga yenyewe. La kwake halikujifunga. Lilikua naye.

Na hakuonekana mgonjwa! Hili watu hawalielewi mpaka liwakute. Anakimbia, anapanda makochi, anabishana. Vifua vya mara kwa mara, basi, na kuchoka mapema kidogo kuliko wenzake, ambako ningeweza kusema ni uvivu wa baba yake. Ila ndani damu ambayo imeshachukua hewa safi inavuja kupitia lile tundu kurudi upande wa kulia, inasukumwa tena mapafuni, duru ya bure, na upande wa kulia wa moyo unabeba mzigo wa ziada kila pigo mpaka unatanuka. Unaweza kuishi hivyo miaka na miaka bila kujua, halafu ukubwani ndo mapigo yanaanza kwenda ovyo na mishipa ya mapafu inaanza kukakamaa.

Yaani unampeleka mtoto anayeruka kamba akafunguliwe moyo. Jaribu kumweleza bibi yake hilo.

## Mwavuli

Mwanzoni hatukuwaza kisu kabisa. Tuliambiwa kuna "mwavuli". Wanaingiza katheta, mrija mwembamba, kwenye mshipa wa kinena, wanaupandisha hadi moyoni huku wanaangalia kwenye skrini, wanapitisha ncha kwenye tundu, kisha wanafungua sahani moja upande huu na nyingine upande ule na ukuta unabanwa katikati kama kifungo cha shati. Kesho yake mtoto anarudi nyumbani na plasta kwenye kinena.

Nilisoma kila kitu kuhusu hiyo dude. Kwamba mwaka 1929 kuna kijana wa Kijerumani, Werner Forssmann, alijiingizia mrija mwenyewe kwenye mshipa wa mkono mpaka moyoni na akatembea kwa miguu kwenda kupiga eksirei ili wamwamini. Kwamba mwaka 1975 madaktari wawili wa Marekani, King na Mills, walifanikiwa kwa mara ya kwanza kuziba tundu kama la Bibie kwa njia ya katheta, mgonjwa akiwa binti wa miaka 17. Kwamba waya wa mwavuli ni mchanganyiko wa nikeli na titani, uligunduliwa kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani, na una tabia ya ajabu: unaukunja unaingia kwenye mrija mwembamba, ukitoka upande wa pili unakumbuka umbo lake na kujikunjua. Siku hizi kuna vizibo vidogo kiasi kwamba tangu 2019 Marekani imeruhusu kimoja kitumike kuziba ule mshipa ambao hutakiwa kujifunga mtoto akizaliwa, kwa njiti wa kuanzia gramu 700. Gramu 700! Nilikuwa nawasimulia watu mpaka wananikimbia.

Ikafika siku ya kipimo cha kuhakikisha, eko ile ya kupitishia kooni mtoto akiwa kwenye nusu kaputi, maana ile ya juu ya kifua haionyeshi kingo zote vizuri. Daktari wa katheta akatoka, akakaa kiti cha pembeni yangu. Ukiona daktari amekaa badala ya kusimama, jiandae.

"Mama, ukingo wa chini kwa nyuma haupo. Mwavuli hauna pa kushika."

Nilikuwa nimeshamwambia kila mtu. Nilikuwa nimeshamwambia na mtoto mwenyewe, mwavuli mdogo mdogo ndani ya moyo, wa rangi gani mama, wa fedha.

## Katikati au ubavuni

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu wa maneno machache na kalamu. Alichukua karatasi ya fomu iliyokwisha muda, akaigeuza, akachora mtoto kwa mistari mitano.

Njia ya kwanza niliijua kuliko yeye. Alipoanza kuielezea nikafungua kifungo kimoja cha blauzi nikamwonyesha, akatikisa kichwa, akaendelea na ya pili.

Mtoto analazwa kwa ubavu wa kushoto. Mkono wa kulia unanyanyuliwa juu ya kichwa, kama mwanafunzi anayetaka kujibu swali. Anakata kwapani, wima, sentimita nne au tano, anapita katikati ya mbavu bila kukata mfupa wowote, pafu la kulia linasogezwa pembeni, anafungua mfuko wa moyo, na chumba cha juu cha kulia kinakuwa pale pale mbele yake. Kipande cha mfuko huohuo wa moyo anaweza kukikata akakitumia kama kiraka. Akishusha mkono, halionekani kitu.

"Kwa hiyo ni upasuaji mdogo," nikasema, na nilisema kwa furaha kabisa.

"Hapana mama. Kidonda ndo kidogo. Moyo nausimamisha vilevile."

Hapo nikatulia kwanza. Sijui nilidhani nini. Nadhani kichwani kwangu zile sentimita tano zilikuwa zimeshapunguza kila kitu, mashine, dawa, hatari, zote zimekuwa sentimita tano. Kumbe mirija ya mashine ya moyo na mapafu inaingia palepale, mmoja kwenye mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, miwili kwenye mishipa mikubwa inayorudisha, halafu dawa yenye potasiamu inaulaza moyo, anafungua, anashona kiraka, anatoa hewa yote ndani, anauamsha. Kila kitu kama changu. Tofauti anakifanya kupitia mlango mwembamba na mbali zaidi, kwa vyombo virefu, na pembeni yake kuna neva inayoendesha kiwambo cha kupumulia ambayo ukiigusa vibaya mtoto anapata shida ya kuvuta pumzi.

Nikauliza kwa nini mirija isipitishwe kinenani kama nilivyosoma wanavyofanya kwa watu wazima, ili kwapani pabaki nafasi. Akasema mishipa ya paja ya mtoto wa kilo 15 ni myembamba mno, unaweza kuokoa sentimita moja kwapani ukaharibu mguu. Nikauliza roboti. Akatabasamu, akasema mikono ya roboti ilitengenezwa kwa vifua vya watu wazima. Nikauliza mbona nimesoma kuna wanaokata chini ya ziwa kwa mbele. Akasema walifanya sana, hasa kwa wasichana, kwa sababu hiyo hiyo ya kovu, baadaye mabinti wakakua na baadhi ziwa moja likawa dogo au limevutwa, maana kwa mtoto wa miaka minne huoni ziwa litaishia wapi. Na kukata kwa nyuma, chini ya bega, kunapita kwenye misuli, kuna watoto migongo ilipinda. Kwapa limependwa kwa sababu pale hakuna kikubwa cha kuharibu.

Kwa kweli hapo nilimpenda. Alikuwa ananipa historia ya makosa, sio matangazo.

"Umefanya wangapi?"

"Wa kutosha. Ila ukiuliza hivyo, uliza na mara ngapi imenibidi nibadili njia nikafungua katikati."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Na nikiona inabidi kwa huyu ntafanya hivyohivyo, sitatoka kuja kukuuliza."

Akaongeza, kama anajisemea, kwamba ingekuwa kasoro nzito, Fallot, yaani kasoro nne kwa pamoja, au mishipa mikubwa iliyobadilishana nafasi, tusingekuwa na mazungumzo haya, pale unahitaji kuona moyo wote. Njia ya kwapa ni ya kazi rahisi kwa mikono iliyozoea.

Kazi rahisi. Moyo wa mwanangu umesimama.

## Usiku wa simu

Mama yangu alikuwa upande wa katikati. Hoja yake ilikuwa moja tu na haina jibu: "Wewe walikufungua katikati na uko hai."

Baba Bibie alisema yeye anafuata nitakachosema mimi kwa sababu ndo mwenye uzoefu, kauli ambayo inasikika kama heshima mpaka saa nane za usiku uko macho peke yako na yeye anakoroma.

Usiku huo nilikuwa kwenye simu nasoma ya zamani, sijui nilikuwa natafuta nini. Nikakuta kwamba tundu la kwanza kuzibwa duniani kwa moyo kufunguliwa huku daktari anaona kwa macho lilikuwa la aina hii hii ya Bibie, Minnesota huko Marekani, Septemba 1952, mtoto wa kike wa miaka mitano, John Lewis alimpoza mwili mzima ili ubongo uvumilie dakika chache bila damu. Mwaka uliofuata, Mei 1953, John Gibbon akatumia mashine aliyohangaika nayo kwa miaka mingi, binti wa miaka 18, tundu la aina hiyo hiyo tena. Halafu 1954 daktari Lillehei, Minnesota hiyohiyo. Mashine za wakati ule zilikuwa zinasumbua kwa watoto wadogo, basi akamlaza mzazi meza ya pembeni, akaunganisha mishipa yao kwa mirija na pampu, moyo na mapafu ya mzazi vikafanya kazi ya wawili wakati moyo wa mtoto umefunguliwa. Wagonjwa 45 walifanyiwa hivyo. 28 walitoka hospitali wazima.

Hiyo ilinikalisha kitandani. Baba au mama amelala pale na damu yake ndo inapita kwa mwanae. Hakuna aliyekuwa anauliza sentimita.

Nikajiuliza basi mi nauliza za nini.

Na jibu nililijua, nilikuwa nalikwepa tu. Daktari alishaniambia kwa tundu kama lile, kwa mtu anayeifahamu kazi, njia zote mbili zinafika salama. Kwa hiyo sio moyo wake nilikuwa naupigania pale. Nilikuwa naipigania blauzi yangu ya shule iliyofungwa kifungo cha juu mwaka mzima, jua kali au baridi. Msichana wa darasa la tano aliyeniomba anione kisha akasema "basi funga". Mwanaume wa kwanza kuligusa, akaondoa mkono haraka eti asije akaniumiza, miaka 19 baada ya kupona.

Nilikuwa nataka kumfutia mwanangu kovu langu.

Nikachagua kwapa.

## Sahihi

Fomu ilikuwa na kurasa nne. Nilisaini tatu bila kutetemeka, kutokwa damu, maambukizi, mapigo kuvurugika, yote nimeshasoma. Ya nne kulikuwa na sentensi fupi kwamba daktari akiona inafaa atafungua kidari. Kalamu ikagoma. Sio mzaha, wino ulikata, nesi akaniletea nyingine, na katika zile sekunde za kusubiri nikajikuta naomba Mungu asifungue katikati. Sikuomba apone, niliomba asifungue katikati.

Sijawahi kumwambia mtu hilo mpaka leo.

## Saa tano

Zilikuwa saa tano na dakika kadhaa. Sina cha kuandika hapa, waliokaa kwenye zile viti wanajua, na ambaye hajakaa simwombei akae.

Alitoka amelala na bomba moja ubavuni la kutolea maji na hewa, koo lina mrija, usoni kavimba kidogo. Kitu cha kwanza nilichofanya, kabla ya kumgusa, nilifunua shuka nikaangalia katikati ya kifua.

Safi. Ngozi tupu.

Nikalia nikasema asante asante, na nesi wa ICU akanipapasa mgongo akidhani nalia kwa sababu mapigo kwenye skrini ni mazuri.

## Kuinua mkono

Watu wanadhani kidonda kidogo hakiumi. Mbavu zilizosukumwa zinauma, tena zinauma kila ukivuta pumzi, na ukikohoa ndo usiseme. Siku ya pili walimtaka apulize mapovu ya sabuni ili pafu lililokunjwa lifunguke, akawa anapuliza kapovu kamoja halafu ananitazama kama nimemsaliti. Bomba lilipotolewa ndo akaanza kucheka. Siku ya tano tukawa nyumbani.

Ila kweli kuna tofauti, siikatai. Mimi nakumbuka wiki sita mpaka nane za mfupa kuunga, kutonyanyuliwa kwa kushikwa makwapa, kubebwa kama sinia, mkono mmoja matakoni mmoja mgongoni, kulala chali tu. Yeye wiki ya tatu alikuwa anataka kuning'inia. Tatizo lake lilikuwa moja, hakutaka kuinua mkono wa kulia, alikuwa ameubana ubavuni kama kuku aliyevunjika bawa, na tukapewa zoezi, vibandiko vya nyota ukutani, kila siku abandike juu kidogo kuliko jana. Zile nyota bado zipo, zinapanda ukutani kwa mshazari mpaka juu ya swichi ya taa.

Tuliambiwa pia tuchunge wiki za mwanzo: homa, kutapika, kunyong'onyea, turudi haraka bila kusubiri tarehe, maana baada ya kufunguliwa mfuko wa moyo maji yanaweza kujaa humo taratibu mtoto akiwa ameshaondoka hospitali, na tundu hizi za juu zinajulikana kwa hilo. Na miezi sita ya kwanza akienda kwa daktari wa meno waambieni kwanza, apewe dawa kabla, bakteria za mdomoni zisije zikaenda kukaa kwenye kiraka. Wewe uliyetoka hospitali na mwanao juzi na hujaambiwa haya mawili, uliza.

Miezi ikapita. Kovu likawa uzi mweupe kwapani. Tukaanza kusahau, na nilikuwa nikijivunia hivyo, "yaani tumesahau kabisa", nawaambia watu.

Mpaka lipstiki.

## Uwanjani

Wiki kama ya nne ya kutolala nikakumbuka kitu ambacho kwa kweli nilikuwa sijakisahau, nilikuwa nimekiweka vibaya tu.

Nilikuwa na miaka 23. Kliniki ya moyo nilishaacha tangu nina 17, hakuna aliyenifukuza, nilitoka wadi ya watoto na upande wa watu wazima sikwenda. Nilikuwa mzima. Jioni moja tunacheza netiboli, nikaanguka. Najua tu nilivyosimuliwa: wenzangu wakadhani ni jua, wakanimwagia maji, kuna aliyeniletea juisi. Nikapelekwa hospitali ya karibu, na pale mtu wa mapokezi akaandika uchovu na njaa. Kijana mmoja daktari akafungua shati langu aweke kipimo, akasimama.

"Huyu alipasuliwa moyo. Nani yuko naye? Alipasuliwa nini?"

Hakuna aliyejua. Sikuwa nimemwambia hata mmoja. Ila hakuhitaji kuambiwa, aliagiza nipimwe umeme wa moyo muda uleule, mapigo yakakutwa yanakimbia kwa njia isiyo yake, nikatibiwa, na tangu siku hiyo sijakosa kliniki.

Kovu langu liliongea mi nikiwa sijitambui.

Sasa mpe Bibie miaka 23. Mlaze uwanjani, mfungue shati. Utakuta ngozi tupu, ile niliyoililia kwa furaha. Nani ataanza kunyanyua makwapa ya watu?

Nilipofika hapo ndo nikajua kinachonichoma. Simlaumu daktari wala sijuti, ukinirudisha kwenye kile kiti na ile karatasi yenye mtoto wa mistari mitano nadhani ntachagua kwapa tena, mifupa mizima ya kifua sio urembo tu, na zile wiki sita za kubebwa kama sinia simtakii mtu. Ila nilikuwa nimechagua njia inayoficha, halafu na mimi nikaficha juu yake. Sikuwa nimemweleza chochote zaidi ya "ulilala, wakatengeneza". Picha za wadi nilizihamisha kwenye simu ya zamani. Alipoulizwa shuleni kama ana tatizo lolote la kiafya niliandika hakuna. Nilitaka awe mtoto ambaye haikumtokea.

Na yeye alijua imemtokea. Ana miaka mitano na nusu, anaona mama yake ana mstari, anakumbuka mapovu ya sabuni, anakumbuka nyota, anatafuta kwenye kioo haoni kitu. Akaamua kuchora.

## Vioo viwili

Jumamosi moja nikamketisha mbele ya kioo cha kabati, nikachukua kile kidogo cha mkononi, nikamwambia inua mkono. Ilichukua muda kupata pembe, mara anaona sikio, mara anaona mimi. Halafu akaliona. Akanyamaza, akalipitishia kidole.

"Dogo."

"Ndiyo, dogo. Ila ndani walifanya kazi kubwa. Walifungua moyo."

"Kama wako?"

"Kama wangu. Wangu walipita mbele, wako walipita ubavuni."

Akafikiri. Akauliza kama moyo ulisikia. Nikasema ulikuwa umelazwa. Akauliza nani aliuamsha. Nikamwambia dokta yule wa kalamu. Akauliza kama mwavuli upo, nikamwambia hapana, kuna kiraka, kimeshonwa kwa mwili wake mwenyewe, akasikitika kidogo kuhusu mwavuli.

Tumerudisha picha. Nimeandika karatasi moja, upande mmoja tu, jina la kasoro, tarehe, njia waliyopita, aina ya kiraka, na nakala iko kwenye begi lake, kwa mwalimu wake, kwa bibi yake na kwenye pochi yangu. Fomu ya shule nimeibadilisha. Sijui kama inatosha. Karatasi inapotea, pochi inaibwa, na miaka 23 iko mbali sana.

Wiki iliyopita alikuwa na kikohozi, tukaenda zahanati tu, sio kliniki yake. Daktari alikuwa mgeni kwetu, mchangamfu, amechoka. Akamfungua vifungo, akaangalia kifua, akaweka kipimo mbele, akaweka nyuma, huku anauliza bila kunitazama, kashawahi kulazwa, kashawahi upasuaji, na kalamu ilikuwa imeshafika kwenye kile kimraba cha hapana. Mi niko na mkono ndani ya pochi natafuta ile karatasi, haionekani, ziko risiti na pipi.

Bibie akainua mkono wa kulia juu kabisa, kama darasani.

"Sio hapo," akamwambia. "Huku."